Mzee wetu alikuwa mwanamaji wa wapi? Naomba msaada wa kuweka sawa wasifu wa marehemu mjomba

#1 Mpwa_wa_Kikuyu

Mbukwenyi wanajukwaa.

Hivi karibuni tulimzika mjomba wangu, mzee ambaye wakazi wengi wa Kikuyu, Chang'ombe na Area C hapa Dodoma walimfahamu kwa jina la utani la Babu Meli. Alifanya kazi benki hadi alipostaafu mwaka 1997, na Jumamosi jioni alikuwa akipiga gitaa kwenye harusi na sherehe za kipaimara bila kudai hata senti. Wasifu uliosomwa makaburini ulisema kwamba alijiunga na jeshi la wanamaji la Tanzania mwaka 1964. Hapo wazee waliokaa mstari wa mbele wakaguna, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwaka huo nchi haikuwa na wanamaji. Familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu mpya utakaosomwa siku ya ibada ya kujengea kaburi, na sipendi tugunwe mara ya pili.

Vielelezo nilivyo navyo ni hivi. Kipo cheti cha ubatizo cha Mvumi, mwaka 1942. Ipo barua ya benki ya kumthibitisha kazini, ya mwaka 1974. Ipo na picha moja ya studio: amevaa sare nyeupe yenye kola pana, amesimama mkakamavu, na kofia yake ya duara ina utepe wenye maandishi ambayo mwanga wa taa umeyafuta kabisa, nyuma yake inaonekana meli. Jambo la nne halina karatasi: alijua kuhesabu kwa Kichina hadi mia, na alipokuwa akihesabu noti midomo yake ilikuwa ikicheza kwa Kichina.

Mimi ninaamini kwamba alikuwa mwanamaji kweli. Ninachouliza ni wapi na lini, na ilikuwaje mtu aliyezaliwa katika nchi ambayo kwa kawaida haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka akaishia baharini, kisha akaishia dirisha la benki.

#2 Nanga_ya_Kigamboni

Pole kwa msiba, mkuu.

Wazee walioguna walikuwa na haki. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo yaliyosababisha jeshi la zamani la Tanganyika Rifles kuvunjwa. Kamandi ya Wanamaji ilikuja baadaye, Desemba 1971, kwa msaada mkubwa wa Wachina, ambao walisaidia kujenga kituo cha Kigamboni, wakatoa boti za doria na kufundisha watu wetu. Kwa hiyo hesabu za Kichina zinajieleza zenyewe. Mjomba wako alikuwa miongoni mwa askari wa mwanzo wa Kigamboni, na familia ilichanganya mwaka wa kuanzishwa kwa jeshi zima na mwaka wa kuanzishwa kwa kamandi yake. Andika 1971 na usonge mbele.

#3 KaraniMstaafu

Ndugu wa #2, hesabu yako inaacha pengo. Kama barua ya kuthibitishwa kazini ni ya 1974, na kabla ya hapo kulikuwa na kipindi cha majaribio, basi muda wa kukaa Kigamboni hauzidi miaka miwili. Askari aliyesomeshwa kwa gharama ya Serikali katika kamandi changa iliyokuwa na uhaba wa watu asingeruhusiwa kuondoka upesi hivyo akakae benki. Isitoshe, mwaka 1971 alikuwa na miaka takribani 29, umri ambao kuruta wa kawaida hapokelewi.

Mimi nilifanya kazi naye kwa miaka kadhaa katika tawi letu la Dodoma. Nitarudi baadaye kueleza ya benki, kwa sababu hayo ninayajua kwa macho yangu.

#4 Mzizima_wa_Zamani

Mnatafuta mbali. Kabla ya uhuru kulikuwa na jeshi la majini la Afrika Mashariki, lililoundwa rasmi mwaka 1953, makao yake yakiwa Mombasa, likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Lilivunjwa mwaka 1962. Kijana aliyezaliwa 1942 angeweza kuingia akiwa na miaka 17 au 18 na kutoka pale lilipovunjwa. Sare nyeupe yenye kola pana ilikuwa ya mtindo wa Kiingereza, na wanamaji wa Mombasa waliivaa. Baada ya kuvunjwa, vijana wale walirudi makwao wakiwa na Kiingereza kizuri na nidhamu, na watu wa namna hiyo ndio ofisi zilizowahitaji mara tu Wazungu walipoanza kuondoka.

#5 Mpwa_wa_Kikuyu

Asanteni. Mkuu wa #4, maelezo yako yananipendeza, lakini yananiachia miaka kumi na zaidi mitupu, kutoka 1962 hadi benki. Na Kichina alikipata Mombasa?

#6 Mzizima_wa_Zamani

Kichina si lazima kitoke jeshini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, na ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970 ukakamilika 1975. Katika miaka hiyo maelfu ya Watanzania walifanya kazi bega kwa bega na Wachina, na kuhesabu ndilo jambo la kwanza ambalo mtu hujifunza akiwa kwenye kazi ya mikono, kwa sababu vyuma, mifuko na siku za kazi vyote huhesabiwa.

#7 Dereva_wa_Gari_Moshi

Naomba kuleta njia nyingine ambayo haijaguswa. Mtoto wa Dodoma anaijua reli kabla hajaijua bahari. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1910 na ikafika Kigoma mwaka 1914, na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na idara ya meli za maziwani, na mabaharia wake walivaa sare nyeupe. Kijana wa Mvumi angepanda treni stesheni ya Dodoma, akashuka Kigoma, akaajiriwa kwenye meli ya Liemba, akakaa humo miaka kumi bila kuonja maji ya chumvi. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1969, na shirika la reli lililotokana nalo likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ila wengi walikuwa wameondoka kabla. Hiyo inaijaza miaka yote ambayo #4 ameiacha wazi. Tena Liemba ni meli yenye historia: Wajerumani waliijengea palepale Kigoma na kuipigania vita vya kwanza.

#8 Mzizima_wa_Zamani

Kidogo tu hapo, dereva. Haikujengewa Kigoma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli na kuunganishwa upya Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Maana yake ni kwamba vipande vyake vilipita hapahapa stesheni ya Dodoma.

#9 Dereva_wa_Gari_Moshi

Nimekusoma. Hoja yangu ya sare nyeupe inabaki palepale.

#10 MtotoWaTanga

Sisi wa pwani tuko kimya tunawasikiliza watu wa bara wakigawana bahari. Swali langu ni dogo: huyo mzee alijua kuogelea? Kama alijua, alijifunzia wapi, kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe?

#11 BintiBahi

Mtoto wa Tanga, njoo Bahi wakati wa masika uone. Bwawa letu linapojaa, watoto wanaogelea kuanzia asubuhi na kutoka na kambale. Mzee huyo ninamkumbuka vizuri, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa wa upande wetu na likizo za utotoni alizimalizia kwetu. Alikuwa akiogelea kwa namna ya pekee, kichwa chote nje ya maji, na alipotufundisha sisi wadogo alitukataza kurusha maji kwa miguu. Baba yangu mdogo alisema huo ni uogeleaji wa askari, wa mtu asiyetaka kusikika. Labda. Na labda ni uogeleaji wa mtu aliyekua akiogopa kuwafukuza samaki.

#12 PichaNaKivuli

Nimefanya kazi ya upigaji picha kwa muda mrefu, nikiwa nimerithi studio kutoka kwa mzazi wangu, na naomba nisikasirishe familia. Studio za miaka ya sitini na sabini zilikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege, meli, maua na magari, na nyingine zilikuwa na nguo za kuazima: suti, tai, miwani, hata sare. Kijana alilipa, akavaa, akapigwa picha na kuituma kijijini. Mpwa, tuambie meli iliyo nyuma yake imekaaje. Je, bomba la moshi limenyooka? Mkunjo wa pazia unaonekana?

#13 Mpwa_wa_Kikuyu

Nimeitazama tena kwa kioo cha kukuza. Meli ni ya kuchorwa, hilo sibishi, kwa sababu karibu na kiwiko chake cha kushoto kuna mkunjo unaoikata meli katikati. Sare, hata hivyo, imemkaa sawasawa mabegani na mikono haijazidi wala kupungua. Nguo ya kuazima haikai hivyo.

#14 PichaNaKivuli

Fundi mzuri huweka pini mgongoni. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa, ninasema tu kwamba picha ya studio peke yake haithibitishi jeshi.

#15 KaraniMstaafu

Nimerudi, kama nilivyoahidi.

Wachangiaji wamekazania bahari, lakini sehemu kubwa ya maisha ya mzee huyu ilipita nyuma ya kaunta, na itakuwa dhuluma wasifu ukiipa sentensi moja. Alikuwa keshia wa mtindo ambao haupo tena. Mbele yake kulikuwa na kisahani cha sponji iliyolowa kwa ajili ya vidole, mhuri, wino, na boksi la mipira ya kufungia. Kabla ya kufunga bunda alizigeuza noti zote hadi picha ya Mwalimu iwe inatazama upande mmoja, na noti iliyochanika aliiweka kando kwa ajili ya kurudishwa Benki Kuu. Hesabu za siku zilipokataa kulingana, hata kwa shilingi moja, hakuna aliyetoka. Leja zilikuwa za mkono, na tulikuwa tukisoma tarakimu kwa sauti, mmoja akitaja na mwingine akitia alama.

Kumbukeni pia mazingira. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku hiyohiyo mabenki binafsi yakataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Matawi yakaongezeka mikoani, na ghafla kukawa na hitaji kubwa la Waafrika waliojua kusoma leja na ambao wangeaminiwa na funguo. Kwa maoni yangu, nidhamu ya jeshi ndiyo iliyomwingiza.

#16 Mzizima_wa_Zamani

Sahihisho dogo, karani: kutaifishwa kwa mabenki kulitangazwa kesho yake, tarehe 6 Februari. Mengine yote uko sawa.

#17 KaraniMstaafu

Nakubali tarehe 6. Wewe ungetufaa sana wakati wa kufunga mahesabu.

#18 MamaZabibu

Nami nina ushuhuda mfupi kuhusu kaunta hiyo. Mama yangu alikuwa mkulima wa zabibu na hakujua kusoma. Siku alipokwenda kufungua kitabu cha akiba nilikuwa naye, nami nilikuwa bado shule ya msingi. Vijana wa dirisha la kwanza walimwambia arudi na mtu wa kumsainia. Babu Meli alisikia, akatoka nyuma ya kaunta, akamketisha, akamweleza kwa Kigogo kila kilichoandikwa kwenye fomu, kisha akamshika kidole gumba na kukibonyeza kwenye wino taratibu, akikizungusha kutoka ukucha hadi ukucha. Alipomaliza alimfuta wino kwa leso yake mwenyewe, nyeupe. Leso ile sidhani kama ilitakata tena. Tangu siku hiyo mama hakukubali kuhudumiwa na mtu mwingine, na akimkosa aliondoka na fedha zake.

#19 Msafiri_wa_Kongwa

Mama Zabibu umenikumbusha mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Watu waliokuwa na fedha nyumbani hawakujua la kufanya nazo, kwa kuwa kuzipeleka benki kungeweza kuzua maswali na kuzificha kungeweza kuzua makubwa zaidi. Baba yangu alikuwa na duka Kongwa na fedha zake halali alizihifadhi ndani ya gunia la karanga. Alizipeleka huku akitetemeka, na keshia, ambaye ninaamini ni huyuhuyu, alizihesabu zote, akapuliza maganda ya karanga juu ya meza, akauliza neno moja tu: kama karanga zenyewe anaziuza.

#20 MtotoWaTanga

Karani wa #15, tatizo la nadharia yako ni kwamba jeshi halifundishi leja. Mimi nadhani mzee aliingizwa benki kwa ajili ya gitaa. Msicheke. Miaka ya sabini mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao: Urafiki walikuwa na bendi, usafiri wa Dar es Salaam ukawa na UDA Jazz, Shirika la Bima likaja na Bima Lee, polisi na magereza nao hivyohivyo. Mpiga gitaa aliajiriwa kwa jina la karani, mpaka rangi au dereva, na mshahara ukatoka huko. Inawezekana benki ilimtaka apige, kisha ikagundua kwamba anajua na kuhesabu.

#21 KaraniMstaafu

Tawi letu halikuwa na bendi, ndugu yangu. Tulikuwa na timu ya mpira wa miguu tu, na ilikuwa ikifungwa.

#22 MlinziMstaafu_Makole

Naomba niseme jambo ambalo huenda familia isilipende. Mimi nimesikia kutoka kwa wenzangu walionitangulia kwamba mzee alianzia mlangoni, akiwa mlinzi. Waliotoka jeshini walipewa kwanza kazi za ulinzi, na waliojua kusoma wakapandishwa ndani. Sioni aibu yoyote hapo. Kama ni kweli, basi 1974 ni mwaka wa kuthibitishwa ukarani, na siku yake ya kwanza pale ilikuwa mapema zaidi.

#23 Mpwa_wa_Kikuyu

Mzee wangu wa #22, hujanikwaza. Mama yangu amesoma ujumbe wako na akanyamaza kwa muda, kisha akasema tu kwamba kaka yake hakupenda kuona watu wakimkemea mlinzi. Hakuongeza neno.

#24 Zeze_la_Chamwino

Mmesema ya bahari na ya benki, nami nimesubiri mtu aguse muziki wake kwa undani, sijamwona.

Nilimsikia akipiga mara nyingi, na wengi walikuwa wakisema gitaa lake halijapigwa tuni vizuri. Hawakuelewa. Muziki wa Kigogo wa zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, unafuata sauti za asili za uzi: ukiupiga uzi mmoja na kuugusa kwa wepesi kwenye nusu, theluthi, robo na kuendelea, unapata mfululizo wa sauti, na Wagogo wamejenga nyimbo zao juu ya sauti hizo, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile inayotolewa na gitaa la dukani, kwa kiasi cha karibu theluthi moja ya nusutoni. Gitaa lina vyuma vilivyogongelewa shingoni, kwa hiyo haliwezi kuishusha. Babu Meli alikuwa akilegeza uzi mmoja, kidogo sana, na kuutumia kwa sauti hiyo pekee. Ukiwa umezoea dansi la Dar es Salaam utasema anakosea. Ukiwa umekulia kwenye ilimba, ile yenye matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili iwe inanguruma, utasikia nyumbani.

Hayati Hukwe Zawose alitoka mkoa wetu na akaifikisha ilimba duniani kote, na Patrick Balisidya wa Afro 70, ambaye naye asili yake ni hukuhuku, alilipeleka gitaa la dansi mbali. Babu Meli alikuwa katikati ya hao wawili, bila jukwaa wala sahani ya santuri, na hakutaka kulipwa.

#25 Dereva_wa_Gari_Moshi

Uliyoyasema yana uzito, lakini vidole vyake vya kulia vilikuwa na mwendo wa Kikongo. Bendi na santuri za Kongo ziliingia Kigoma na kusafiri na reli kupitia Tabora. Kwangu mimi huo ni ushahidi mwingine wa Liemba.

#26 Nanga_ya_Kigamboni

Redio ilifika kila mahali, dereva. Kwa mantiki hiyo kila mpiga gitaa wa Tanzania alikuwa baharia wa Ziwa Tanganyika.

#27 BintiBahi

Mimi nilimuuliza yeye mwenyewe aliyemfundisha. Alinijibu, "Mpishi." Nikamuuliza mpishi wa wapi, akaendelea kupiga.

#28 Mzizima_wa_Zamani

Mpishi wa melini! Hilo linafaa Mombasa.

#29 Dereva_wa_Gari_Moshi

Na Liemba.

#30 PichaNaKivuli

Na hoteli yoyote ya Uhindini.

#31 Mpwa_wa_Kikuyu

Nawashukuru nyote. Nimeanza kuandika, na kwa sasa rasimu inasema hivi: "Alizaliwa Mvumi. Katika ujana wake alifanya kazi majini. Aliajiriwa benki mwaka 1973 na kustaafu mwaka 1997." Kisha yanafuata ya kidole gumba cha mama yake Mama Zabibu, kwa ruhusa yake, na ya uzi uliolegezwa. Mwaka 1964 nimeuondoa. Mama anautaka urudi, kwa kuwa anasema kaka yake aliutaja kwa mdomo wake.

#32 KaraniMstaafu

Mwaka 1973 umeutoa wapi? Barua yako ni ya 1974 na inahusu kuthibitishwa tu. Barua zetu za namna hiyo zilitaja tarehe ya kuanza kazi katika aya ya pili, chini ya namba ya kumbukumbu. Isome tena kabla hujaenda kuchapa.

#33 Mpwa_wa_Kikuyu

Aya ya pili imeliwa na mchwa. Limebaki neno "tangu" na sehemu ya muhuri. Mwaka 1973 niliukisia kutokana na maelezo yako ya kipindi cha majaribio.

#34 KaraniMstaafu

Basi usikisie. Wafanyakazi wa mashirika ya umma waliingia mfuko wao wa pensheni, PPF, ulipoanzishwa mwaka 1978, na kumbukumbu za PPF zimehamia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018. Kabla ya hapo kulikuwa na Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, ulioanza mwaka 1964, ambao baadaye ukawa NSSF. Nenda kote kuwili na cheti cha kifo, barua ya msimamizi wa mirathi na namba yake ya uanachama kama ipo. Ukikuta michango ya NPF ya miaka ya sitini, utajua alikuwa na mwajiri wa kiraia, na wa jeshini watapungukiwa na hoja.

#35 Nanga_ya_Kigamboni

Na usipoikuta, msije mkasema ni uthibitisho wa Kigamboni kabla hamjaniita.

#36 Mpwa_wa_Kikuyu

Namba ya uanachama tumeipata leo asubuhi kwenye kifuniko cha sanduku la gitaa, imeandikwa kwa penseli pamoja na namba nyingine mbili ambazo hatuzijui. Jumatatu nitakwenda PSSSF kwanza, kisha NSSF. Namba hizo mbili ni fupi, moja ina tarakimu nne na herufi moja mbele. Mwenye uzoefu wa namba za askari au za wafanyakazi wa reli anitumie ujumbe faraghani, nisiziweke hapa hadharani.

#37 Dereva_wa_Gari_Moshi

Nakutumia ujumbe sasa hivi.

#38 Nanga_ya_Kigamboni

Nami pia.